Wanafunzi wangu wanajua kupanga marejeo, hawajui kuyafuata. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Stadi (mwanzisha mada)

Habari za kazi, wenzangu. Nafundisha stadi za mawasiliano na utafiti kwa mwaka wa kwanza. Darasa lina wanafunzi 46, na kwa muhula mzima mada ya kutafuta na kutathmini taarifa imetengewa vipindi vitatu tu, kila kimoja dakika 90. Naomba mnishauri namna ya kuvitumia, kwa sababu jinsi nilivyovitumia kwa miaka sita iliyopita nimeanza kuamini kuwa niliwapotosha.

Kilichonifikisha hapa ni insha moja. Mwanafunzi aliandika kuhusu usingizi na ufaulu wa wanachuo. Insha nzuri, imetulia, na mwishoni ina marejeo 14. Majina ya waandishi yamefuata alfabeti, miaka ipo kwenye mabano, majina ya majarida yameandikwa kwa italiki, hata nukta ziko mahali pake. Nikampa alama zote 5 za marejeo. Usiku, napitia tena, makala moja ikanivutia nikataka niisome mwenyewe. Sikuipata. Nikatafuta ya pili, nayo haipo. Mpaka nazima kompyuta nilikuwa nimejiridhisha kwamba makala tano kati ya zile 14 hazipo popote. Majarida ni ya kweli, na waandishi wawili ni watu wa kweli wanaoandika juu ya usingizi. Makala zenyewe ndizo hazipo.

Nilimwita ofisini nikiwa na hasira. Nilitegemea akane, au alie. Akanijibu kwa upole, bila hata kushtuka: "Mwalimu, orodha hiyo niliiomba kwenye programu ya akili mnemba, kisha nikaipanga mwenyewe. Nilijua kinachopimwa ni mpangilio."

Alipotoka nikaufungua mwongozo wa kusahihisha, ambao niliuandika mimi. Marejeo: alama 5. Mpangilio sahihi 3, idadi isiyopungua kumi 2. Hakuna mahali nilipouliza kama yamesomwa. Hakuna mahali nilipouliza kama yapo.

Sitafuti njia ya kuwakamata. Nataka mtu anayemaliza somo langu akisoma dai fulani apate hamu ya kujua limetoka wapi, na ajue njia ya kufika huko. Hivi sasa nawapa fomu ya kukagua tovuti: nani ameandika, lini, kwa kusudi gani, ana marejeo au hana. Wanaijaza vizuri sana. Mmoja aliijaza kwa tovuti inayouza vidonge vya usingizi akaipa 9 kati ya 10, kwa kuwa ukurasa ulikuwa na tarehe, jina la daktari na orodha ya tafiti. Kwa vigezo vya fomu yangu, hakukosea.

Nianzie wapi?

---

Mkutubi wa Kaunta

Mwalimu, pole. Na nikushukuru kwa kuuleta mwongozo wako hapa mezani, maana wengine tungemleta mwanafunzi.

Mimi nipo maktaba ya chuo, huu ni mwaka wa 17, na nina jambo la kukupunguzia mzigo: ugonjwa huu ulikuwepo kabla ya akili mnemba. Mwaka 2017 Anne-Wil Harzing, msomi anayechunguza mambo ya machapisho na nukuu zake, alisimulia kisa alichokigundua Pieter Kroonenberg wa Chuo Kikuu cha Leiden. Kulikuwa na makala ya mwaka 2000 kuhusu sanaa ya kuandika makala za kisayansi, ikitajwa kuwa ya Van der Geer, Hanraads na Lupton, na ilikuwa imenukuliwa katika mamia ya machapisho. Kroonenberg akaitafuta, haikupatikana. Haikuwahi kuwepo. Ulikuwa mfano tu, uliowekwa na mchapishaji mmoja mkubwa katika maelekezo kwa waandishi ili kuonyesha jina liandikwe vipi na mwaka ukae wapi. Watu walipoandika makala zao juu ya kiolezo kile, mfano ukabaki mle ndani, ukahesabiwa kuwa rejea. Na hao hawakuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Programu za akili mnemba hupanga maneno kwa kufuata yale yanayoelekea kukaa pamoja. Ukiziomba rejea, zinakupa kitu chenye sura ya rejea. Sasa urudie kuusoma mwongozo wako: alama 3 zilikuwa za sura. Kijana alijibu swali aliloulizwa.

Kuhusu fomu. Nadhani yako ni ya ukoo wa CRAAP, orodha ya maswali ya kukagua chanzo cha taarifa, iliyotungwa 2004 na wakutubi wa California State University, Chico. Niliitumia kwa miaka mingi na siidharau. Tatizo ni kwamba karibu kila inachouliza hujibiwa na ukurasa wenyewe unaokaguliwa. Ni kama kumuuliza mgeni mlangoni iwapo yeye ni mtu mwema.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa Stanford, na wahakiki wa habari 10, yaani watu ambao kazi yao ni kukagua ukweli wa habari. Ripoti yao ilitoka 2017. Zoezi mojawapo liliwapa tovuti za jumuiya mbili za madaktari wa watoto wa Marekani zenye majina yanayokaribiana. Moja ilianzishwa 1930 na ina wanachama makumi ya maelfu. Nyingine ni kundi dogo lililojitenga mwaka 2002. Wahakiki hawakukaa kwenye ukurasa. Baada ya muda mfupi walifungua madirisha mapya wakatafuta wengine wanasema nini kuhusu wenye ukurasa huo. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki palepale wakisoma kwa makini, wakipima nembo, mpangilio na marejeo. Zaidi ya nusu ya wanafunzi walilipa imani kubwa zaidi lile kundi dogo. Tabia ile ya wahakiki mimi naiita kusoma pembeni: unatoka kwanza, unaulizia, ndipo unarudi kusoma.

Mike Caulfield aliiweka tabia hiyo katika hatua nne mwaka 2019, zinaitwa SIFT: simama, mchunguze msemaji, tafuta maelezo bora zaidi, fuata dai hadi lilikotoka. Kwa vipindi vitatu, mimi ningeishikilia ile ya nne na kuziacha nyingine zijitokeze njiani.

Usiwape mada. Wape sentensi moja. Yangu ni hii: "Binadamu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, asilimia 20 ya anachosikia na asilimia 90 ya anachofanya." Kila mtu ameshaisikia, mara nyingi kutoka kwa mwalimu wake. Waambie watafute aliyeipima. Watakutana na jina la Edgar Dale, mwanaelimu wa Marekani, na mchoro wake wenye umbo la pia (koni), uliotoka katika kitabu cha 1946. Wasiishie hapo, wautafute mchoro wenyewe. Hauna asilimia hata moja. Dale alipanga aina za uzoefu wa kujifunza, basi. Namba zilipachikwa na watu wengine baadaye. Ukiufuata mnyororo, kuna sehemu unafika kwenye jarida la filamu na vifaa vya kufundishia la mwaka 1967, asilimia zimetajwa na utafiti wowote haukuonyeshwa. Nimewaona vijana wakinyamaza kabisa wanapofika pale. Kuwaeleza mimi kwamba "si kila kilichochapishwa ni kweli" hakujawahi kuleta ukimya ule.

Wafanye kazi wawiliwawili, mmoja atafute na mwenzake aandike safari: tumetoka wapi, tumefika wapi, tumekwama wapi. Usahihishe safari hiyo. Hata aliyekwama apate alama, ilimradi ameonyesha alipokwamia.

Na dokezo dogo la kiufundi. Makala nyingi za majarida zina DOI, kile kitambulisho kinachoanza na 10. Wafundishe kukibandika kwenye doi.org. Kisipofungua, kuna shida. Kikifungua bado wasiridhike: wasome jina la makala iliyofunguka, kwa kuwa rejea za kubuni mara nyingine hubeba kitambulisho cha kweli cha makala nyingine kabisa.

---

Msimamizi wa Tasnifu

Nimemsoma mkutubi na nakubaliana naye kwa mengi, ila natofautiana naye kidogo. Kufuata dai moja ni zoezi zuri. Lakini wanafunzi hao wakinifikia mimi mwaka wa nne, kinachowaangusha ni viwili vingine: hawajui kutafuta kwa maneno ya watu wa fani, na wakiipata makala hawajui kuisoma.

Angalia wanavyotafuta. Wanaandika swali zima kwenye kisanduku, wanachukua matokeo matatu ya juu, basi. Wakikosa, wanakuja kukwambia "hakuna tafiti kuhusu mada yangu." Juzi nilimwambia mmoja aandike majina yote ya kitu anachokitafuta, ya mtaani na ya hospitalini. Watu husema presha, daktari huandika shinikizo la damu, na hifadhidata nayo huwa na istilahi yake iliyoichagua. Alipobadilisha neno moja tu, ukurasa uliokuwa mtupu ukajaa. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ina orodha yake ya istilahi kwa ajili hiyohiyo, na inafaa kufunguliwa mbele ya darasa hata kwa wasiosoma tiba, ili waone kwamba elimu imehifadhiwa kwa majina na asiyejua jina huambulia patupu. Hapo ndipo AND, OR na NOT, zile za kuunganisha au kuondoa maneno unapotafuta, zinapokuwa na maana kwao. Ukizifundisha kabla hawajakwama, wanazikariri kama kanuni za hesabu.

Kuhusu kusoma: wanaishia kwenye ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa makala. Mwalimu, chukua makala moja fupi ya kweli kuhusu usingizi, maana mada hiyo umeshaishika, na tumia dakika 40 kwenye sehemu ya mbinu peke yake. Walipimwa watu wangapi? Usingizi ulipimwaje, waliulizwa walilala saa ngapi au walivaa kifaa? Mtu anavyokumbuka alivyolala na jinsi alivyolala kweli ni vitu viwili. Ikisiri itasema tu "usingizi mfupi unahusiana na alama za chini," na mwanafunzi ataandika "usingizi mfupi hushusha alama." Neno limebadilika njiani na hakujua kwamba amelibadilisha. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko mabano na nukta zote.

Wafundishe pia kwamba makala huweza kufutwa. Ile ya Wakefield na wenzake iliyohusisha chanjo na usonji ilitoka kwenye jarida la tiba The Lancet mwaka 1998, ikiwa imechunguza watoto 12 tu. Jarida likaiondoa rasmi 2010, miaka 12 baadaye. Nakala zilizohifadhiwa kabla ya hapo hazibadiliki zenyewe kwenye kompyuta za watu. Anayesoma nakala aliyotumiwa na rafiki hataliona tangazo la kufutwa. Lazima arudi kwenye ukurasa wa jarida.

La mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Waambie mapema kwamba katikati ya kazi watachanganyikiwa. Mtafiti Carol Kuhlthau aliwafuatilia wanafunzi wanaotafuta taarifa tangu miaka ya 1980, akaona kwamba baada ya kuchagua mada, wanapoanza kusoma, mashaka huongezeka badala ya kupungua. Uhakika hurudi pale tu wanapopata mwelekeo. Mwanafunzi asiyelijua hilo huamini yeye ndiye mjinga, na hapo hapo ndipo anapoikimbilia programu imwandikie. Wengi wa wanaokuja kwangu na kazi za kubuni si wavivu. Waliogopa wiki ya tatu, na hawakuwa na wa kumwambia.

---

Mwaka wa Tatu

Shikamooni walimu wangu. Samahani kwa kuingilia, mimi ni mwanafunzi.

Niliwahi kuwa kama huyo dada au kaka wa insha ya usingizi, ila mimi sikutumia programu yoyote. Nilikuwa naandika aya kwanza, yote kutoka kichwani. Halafu nasoma upya, na kila penye sentensi nzito natafuta mtu wa kupachika. Tulikuwa tunaita hivyo hivyo, "kupachika." Unaandika maneno machache ya sentensi yako kwenye Google Scholar, unachukua jina la kwanza lenye mwaka wa karibuni, unaliweka kwenye mabano. Makala zangu zote zilikuwepo. Sikuwa nimefungua hata moja. Na nilipata alama nzuri mwaka mzima.

Aliyenitoa huko ni mwalimu wa mwaka wa pili. Hakutufundisha kitu kipya. Alituita mmoja mmoja, dakika kumi, akaweka kidole kwenye rejea yoyote katika kazi yako akasema: "Ifungue. Nionyeshe sentensi." Yangu nilipoifungua ilikuwa inahusu panya. Mimi nilikuwa naandika kuhusu wanafunzi wa sekondari. Hakunigombeza. Aliniambia nirudi na aya ileile nikiwa nimeiandika kutokana na kile makala inachosema, hata kama itabidi aya nzima ibadilike. Ilibadilika. Ilikuwa fupi na haikuwa na uhakika kama ile ya mwanzo, na ndiyo aya ya kwanza chuoni ambayo niliiona ni yangu.

Kwa hiyo naomba kuongezea: kupangilia marejeo mnatufundisha mwishoni, kama kazi ya kufungia insha. Ndiyo maana tunayaona kama kitu cha kuongezwa mwishoni. Yangekuja mwanzoni, kabla hatujaruhusiwa kuandika hata sentensi moja, tungeyaona tofauti.

---

Mwalimu wa Stadi

Marahaba mwanangu, na ahsanteni nyote. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Mwongozo nimeubadilisha kwanza. Idadi isiyopungua kumi nimeifuta. Sasa natoa insha yenye marejeo manne tu, na kwa kila rejea mwanafunzi ananakili sentensi aliyoitumia, na chini yake anaandika jambo moja ambalo makala hiyo haisemi lakini msomaji anaweza kudhani inasema. Wazo hili la pili limetokana na alichoandika msimamizi kuhusu "unahusiana" na "hushusha." Ni gumu kwao, na ndilo linalonionyesha nani amesoma. Mpangilio umebaki na alama 1.

Kipindi cha kwanza nilitumia sentensi ya asilimia. Jozi sita zilisimama kwenye tovuti ya kwanza iliyotaja mwaka 1946, zikaandika "asili imepatikana." Nikagundua sikuwaeleza vizuri tofauti ya kuiona rejea imetajwa na kuishika rejea yenyewe, na kipindi kijacho naanzia hapo. Jozi nyingine zilifika mbali. Moja ikanyoosha mkono, binti akasema kwa heshima: "Mwalimu, mchoro huu upo kwenye slaidi zako za wiki ya pili." Ulikuwepo, na asilimia zake zote. Nimeufundisha kwa miaka sita. Nikawaambia hivyo, nikaifungua slaidi nikaifuta mbele yao, kisha tukatumia muda uliobaki kujadili mimi niliitoa wapi. Niliitoa kwa mwalimu wangu. Nao wakataka kujua yeye aliitoa wapi.

Yule wa insha ya usingizi ameandika upya. Mara hii alichagua dai moja, kwamba mtu mzima anahitaji saa nane za usingizi, akalifuata. Amefika kwenye tamko la pamoja la mwaka 2015 la American Academy of Sleep Medicine na Sleep Research Society, linalosema mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku kwa kawaida. Saba. Nane haimo kwenye pendekezo lile. Alikuja ofisini bila kuitwa, amebeba karatasi ya safari yake, akaniuliza: "Sasa nane imetoka wapi?" Nikamwambia sijui, nikamaanisha. Ameendelea kurudi nyuma, mwaka hadi mwaka, na sasa amekwama kwenye makala ya zamani ambayo tovuti ya jarida inataka malipo ndipo ifunguke. Anauliza kama alipe. Nimjibu nini?

---

Mkutubi wa Kaunta

Asilipe. Aende kaunta ya maktaba ya chuo chenu akiwa na jina la jarida, juzuu, toleo, mwaka na ukurasa wa kwanza, aulizie kuazima kutoka maktaba nyingine. Wakutubi wengi hufanya kazi hiyo kwa furaha na ni wachache wanaotuomba. Kabla ya hapo aandike jina kamili la makala kwenye Google Scholar, abonyeze palipoandikwa matoleo yote. Mara nyingi kuna nakala huru ambayo mwandishi ameiweka kwenye hifadhi ya chuo chake. Na kama mwandishi yu hai na barua pepe yake ipo, amwandikie mistari mitatu: yeye ni nani, anatafuta nini, kwa nini. Akishaipata, naomba uturudishie jibu hapa. Nami nataka kujua nane imetoka wapi.